Mpwa wangu na nyumba ya Cairo

Hapa Kenya tuna Makutano kila upande. Iko Makutano ya Pokot Magharibi, karibu na Kapenguria. Iko ya Meru. Iko ile iliyo kabla ya kufika Sagana, pale barabara ya Embu inapoachana na ya Nyeri. Mtu akitajiwa jina hilo hahitaji ramani. Anajua kwamba njia mbili zimekutana, na zilipokutana mtu mmoja alianza kuuza chai, wa pili akafungua gereji, wa tatu akajenga nyumba ya kulala wageni. Kwa miaka 27 nilifundisha jiografia, na wanafunzi wangu niliwaeleza hivyo hivyo: tafuteni mahali njia zinapokutana, hapo mtapata mji, na mji huo utakua.

Basi mwezi wa Agosti, 2022, nilikwenda Marekani kumtembelea mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Alisomea Carbondale, mji wa chuo kikuu ulioko kusini mwa jimbo la Illinois ambao Wakenya wengi wamepitia. Ni muuguzi katika hospitali moja ng'ambo ya mto, jimbo la Missouri. Ana watoto wawili wanaomtegemea yeye peke yake, na alikuwa amechoka kulipa kodi ya nyumba kila mwezi. Siku yangu ya pili huko aliniwekea picha mezani. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili, yenye veranda pana na miti mikubwa uani.

"Mjomba," akaniambia, "bei yake haifiki ya ploti ya hamsini kwa mia kule Kitengela. Akiba ninayo. Wewe ndiye mzee uliyebaki upande wa mama. Niambie, ninunue?"

Nyumba hiyo ilikuwa Cairo.

Msomaji usishtuke, si Cairo ya Misri. Herufi ni zile zile, lakini wenyeji hutamka "Kero", neno ambalo kwetu sisi Waswahili halina bahati. Jina lilipendekezwa mwaka wa 1818 na mfanyabiashara wa St. Louis aliyeitwa John Comegys. Aliona mto mkubwa na ardhi tambarare yenye rutuba, akakumbuka habari za Nile. Mchezo huo wa majina ulipendwa na wengine. Mpaka leo sehemu hiyo ya Illinois huitwa Misri Ndogo, na si mbali na Cairo kuna vijiji vya Thebes na Karnak.

Cairo ndiyo makao makuu ya kaunti ya Alexander. Hapo Wakenya tuwe waangalifu, kwa maana tangu 2013 tukisikia neno kaunti tunafikiria gavana, bunge dogo, msafara wa magari na mabilioni ya shilingi. Kaunti ya Marekani aghalabu ni jambo la kadiri tu. Illinois peke yake ina kaunti 102. Alexander haina gavana, inasimamiwa na makamishna watatu. Mji ukiitwa makao makuu, maana yake ni kwamba hapo ndipo penye mahakama, ofisi ya sherifu, na karani anayetunza hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa na vya kufa. Mpwa wangu angenunua ile nyumba, karatasi zake zingewekwa huko.

Ukubwa wa kaunti hiyo ni kilomita mraba 655 hivi. Kaunti yetu ya Nairobi ina kilomita mraba 696, kwa hivyo zinakaribiana kama mapacha. Lakini sensa yetu ya 2019 ilipata Nairobi watu 4,397,073, na sensa ya Marekani ya 2020 ilipata Alexander watu 5,240. Ndiyo, elfu tano na mia mbili na arobaini, kaunti nzima. Nilimwambia mpwa wangu kwamba ukizitoa ghorofa mbili tatu za Pipeline, Embakasi, ukazihamishia huko, mkamishna wa sensa atadhani ameona ruya.

Makao makuu yenyewe yalihamahama. Yalikuwa katika kijiji kilichoitwa America, yakaenda Unity, yakaenda Thebes, ambako jengo la mahakama la miaka ya 1840 bado limesimama juu ya kilima likiutazama mto Mississippi. Cairo ilipewa hadhi hiyo mwaka wa 1860, na haijanyang'anywa mpaka sasa.

Tulishuka kutoka Carbondale siku ya Jumamosi, mwendo wa saa moja hivi. Kadiri unavyokwenda kusini ndivyo vilima vinavyoisha, hadi unajikuta katika bonde lililo sawa kama meza. Watu wa Chicago wako katika jimbo hilo hilo, lakini Cairo iko kusini zaidi kuliko Richmond, mji uliokuwa makao ya waasi wa Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kutoka Cairo ni karibu zaidi kufika mpaka wa jimbo la Mississippi kuliko kufika Chicago. Jambo hilo la latitudo lina uzito wake, nitalirudia.

Kabla ya kuingia mjini barabara inapita chini ya reli, na hapo juu limening'inia lango kubwa la chuma. Mito ikifura, lango hilo hushushwa na barabara hufungwa. Cairo yote imezungushiwa matuta ya udongo, na upande wa mto Ohio kuna ukuta wa saruji. Ukiwa katikati ya mji huoni maji kabisa, unaona kuta tu, na ni lazima ujikumbushe kwamba uko katika ncha ya nchi kavu kati ya mito miwili mikubwa ya bara hilo.

Nilimsihi mpwa wangu tuanze na ile ncha yenyewe kabla ya kuiona nyumba. Kuna bustani hapo iitwayo Fort Defiance, na mnara mdogo wa saruji wa kupanda. Mwalimu wa jiografia hulipia tiketi ya ndege kwa ajili ya mambo kama hayo. Kushoto kwangu ulikuja mto Ohio, maji yake yakiwa na rangi ya kijani hafifu. Kulia ulikuja Mississippi, mwekundu wa matope kama Tana wakati wa masika. Haikuchanganyika mara moja. Ilikwenda bega kwa bega masafa marefu, kila mmoja na rangi yake. Wengi hudhani Ohio ni mtoto anayeingia kwa mkubwa, lakini mahali hapo kwa kawaida Ohio ndiyo inayoleta maji mengi zaidi. Ukisimama hapo uko Illinois, ng'ambo hii ni Kentucky na ng'ambo ile ni Missouri. Papo hapo pia ni mahali pa chini kuliko pote katika jimbo la Illinois, kama mita 85 tu juu ya usawa wa bahari.

Kwa mtu mwenye ramani, hakuna mahali pazuri zaidi pa kujenga mji mkubwa. Na wengi walisema hivyo. Comegys alifariki kabla ya kujenga chochote cha maana. Kampuni nyingine ilianza mwishoni mwa miaka ya 1830, ikakopa fedha nyingi Uingereza na kufilisika. Mwandishi Charles Dickens alipopita mwaka wa 1842 alikuta nyumba zinazooza kwenye kinamasi, akauponda mji huo vibaya sana katika kitabu chake cha safari. Reli ya kutoka kaskazini ndiyo iliyouamsha katika miaka ya 1850. Kisha vikaja vita. Jenerali Ulysses Grant alifanya Cairo makao yake mnamo Septemba 1861, na kutoka hapo majeshi na meli za kivita za Kaskazini ziliteremka kwenda Kusini.

Waliokuwa watumwa nao walifika. Maelfu ya watu weusi waliowatoroka mabwana zao walipandishwa mto hadi Cairo, kwa kuwa Illinois ilikuwa jimbo huru. Wasomaji wa Mark Twain watakumbuka kwamba Cairo ndipo Huck na mtumwa Jim walipotaka kufika kwa chelezo chao, wakapitwa na mji katika ukungu. Wale waliofika kweli, baadhi yao walibaki.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, kila kitu kililazimika kusimama Cairo. Mizigo ilitoka melini ikaingia katika mabehewa. Mabehewa yenyewe yalivushwa kwa feri mpaka daraja la reli lilipomalizika mwaka wa 1889. Mtu aliyesimamishwa hula, hulala, hunywa, hununua viatu. Mwaka wa 1920 sensa ilipata watu 15,203, na haijapata kuwa idadi kubwa kuliko hiyo.

Daraja la magari la kwenda Missouri lilifunguliwa 1929, la kwenda Kentucky 1938. Katika miaka ya 1970 barabara kuu ya kutoka Chicago ilijengewa daraja lake juu kidogo ya mji, na tangu hapo dereva anaweza kupita bila kuliona hata paa moja la Cairo. Treni ya abiria kati ya Chicago na New Orleans huvuka Ohio hapo usiku wa manane na haisimami. Msomaji aliyewahi kuweka hoteli Mtito Andei hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mpwa wangu alinisikiliza nikimweleza haya, kisha akaniuliza swali ambalo mwanafunzi wangu hata mmoja hakuwahi kuuliza. "Lakini Mjomba, Cape Girardeau ina daraja. Paducah ina daraja. Mbona hizo zinaishi?"

Ni kweli. Miji hiyo miwili ya mtoni iko karibu, na ina makumi ya maelfu ya watu. Jibu haliko katika ramani.

Novemba 11, 1909, umati wa maelfu ya watu ulimchukua mtu mweusi aliyeitwa William James, aliyeshukiwa kumuua mwanamke mzungu, ukamwua hadharani bila hukumu, chini ya taa za barabara kuu ya biashara. Kwa sheria ya Illinois ya mwaka wa 1905, sherifu aliyeshindwa kumlinda mfungwa wake alipoteza kazi. Sherifu huyo akataka kurudishwa. Mwandishi Ida B. Wells, mwanamke mweusi aliyepigana na mauaji ya aina hiyo maisha yake yote, alisafiri hadi Cairo, akakusanya ushahidi, akaenda kubishana mbele ya gavana. Gavana akakataa kumrudisha sherifu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini mji haukubadilika.

Mwaka wa 1962 vijana weusi waliandamana kwa kuwa walizuiwa kuogelea katika bwawa la mji. Bwawa hilo hatimaye lilifungwa na kujazwa saruji, maana wenyewe waliona heri wakose wote. Mwaka wa 1967 mwanajeshi mweusi wa miaka 19, Robert Hunt, aliyekuwa likizoni, alikutwa amekufa kizuizini. Polisi walisema amejinyonga. Watu wake hawakuamini, na mji ukawaka moto. Kuanzia 1969 weusi waligomea maduka ya wazungu yaliyokataa kuwaajiri. Mgomo ulidumu miaka. Na hapa ndipo penye ajabu: wenye maduka wengi waliona ni afadhali kufunga kuliko kumweka msichana mweusi nyuma ya kaunta. Wakafunga. Mwaka wa 1960 Cairo ilikuwa na watu 9,348, mwaka wa 1970 ilikuwa na 6,277. Miaka kumi tu, na thuluthi moja ya watu imeondoka.

Mimi nimeishi Nairobi wakati wa shida na wakati wa heri, na sina haki ya kuwacheka watu wa taifa lingine kwa kutengana. Nasema tu nilichokiona. Barabara ile ya biashara, Commercial Avenue, leo ni nyasi na viwanja vitupu, na hapa na pale jengo moja la matofali lenye mti unaoota ndani yake. Mtaa wa pili, Washington, una maktaba nzuri ya mwaka wa 1884, jumba la zamani la forodha lililofanywa makumbusho, na mahakama ya kaunti. Hata sherifu amekonda: mwaka wa 2009 benki ilichukua magari kadhaa ya ofisi yake kwa sababu ya deni.

Nyumba tuliyoijia ilikuwa kama picha ilivyoonyesha, isipokuwa kwamba nyumba tatu za upande wa kulia hazikuwapo tena. Upande wa kushoto aliishi mama mmoja mweusi wa miaka zaidi ya sabini. Alipojua tunatoka Kenya alituletea viti na maji ya barafu, tukaketi kivulini.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za 2011 kwa namna ambayo magazeti hayakueleza. Mito yote miwili ilifura pamoja. Maji yalianza kububujika kutoka chini ya ardhi, ndani ya matuta, yakileta mchanga. Watu wakaamriwa kuondoka. Mei 2 kipimo cha mto kilifika futi 61.72, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa, na ukuta unahimili futi 64. Usiku huo wahandisi wa jeshi walilipua tuta la Birds Point, ng'ambo ya Missouri, ili maji yapate pa kwenda. Missouri ilikuwa imekwenda mahakamani kupinga, ikashindwa. Ekari 130,000 za mashamba zilizama, na pamoja nazo kijiji kidogo cha watu weusi kiitwacho Pinhook.

"Cairo iliokoka," mama yule alisema. "Pinhook nao walikuwa watu."

Kilichofuata hakikuhitaji maji. Mwaka wa 2017 serikali kuu ilitangaza kwamba nyumba za umma za Elmwood na McBride, zilizoharibika kwa kupuuzwa, zingebomolewa. Watu wapatao 400, wengi wao watoto, walipaswa kuhama, na mjini hapakuwa na nyumba za kuwatosha. Sensa ya 2010 ilikuwa imepata watu 2,831. Ile ya 2020 ikapata 1,733. Katika miaka hiyo kumi kaunti ya Alexander ilipoteza zaidi ya thuluthi moja ya watu wake.

Mama alimshika mpwa wangu mkono. "Njoo na watoto wako," akamwambia. "Mtaa huu hausikii kelele za watoto siku hizi."

Turudipo tulikaa kimya garini mpaka karibu na Carbondale. Nilikuwa na hoja zangu tayari: nyumba katika mji unaohamwa haipandi bei, utailipia kodi ya ardhi na kuikarabati, na siku ukitaka kuiuza utamwuzia nani? Kuna habari za bandari mpya ya mtoni ambayo jimbo limeahidi dola milioni 40, lakini mwenye watoto hawezi kuwalisha ahadi. Mpwa wangu aliniambia hoja hizo alikuwa nazo zote kabla hajaniita. Alichotaka kujua ni kama ni vibaya mtu kuhamia mahali kwa kuwa panamhitaji.

Sikuwa na jibu la kumpa haraka. Dada yangu, mama yake, angesema nenda. Alikuwa mtu wa namna hiyo, aliyefungua duka mahali ambapo kila mtu alimwambia hapana wateja, na mara mbili lilimshinda.

Lililoamua ni kifua cha mtoto. Mdogo wake ana pumu, na mpwa wangu, kwa kuwa ni muuguzi, hakuhesabu fedha bali dakika. Hospitali ya Cairo ilifungwa katika miaka ya 1980. Alikaa mezani na simu yake akipima njia za kwenda hospitali ya Missouri usiku, wakati wa theluji, wakati wa mafuriko lango likiwa limeshushwa. Saa sita za usiku alikuja mlangoni kwangu akasema, "Mjomba, hapana." Mwaka uliofuata akanunua nyumba ndogo zaidi Carbondale, kwa mkopo wa miaka 30.

Cairo ilikuwa imekaa miaka kadhaa bila duka la vyakula. Mnamo Juni 2023 duka la ushirika lilifunguliwa hapo, la wanachama wenyewe, na tangu mwanzo limepata taabu kusimama, kwa kuwa wateja ni wachache. Mpwa wangu alilipa ada ya uanachama. Baadhi ya Jumamosi huendesha gari saa nzima kwenda kununua huko mayai na unga ambavyo Carbondale vimejaa tele, na humpelekea mama yule vitu vyake.

Nilimwambia kwa simu kwamba petroli inamgharimu kuliko mayai.

"Mjomba," akasema, "acha."